Tunaoishi Salasala, Wazo na Tegeta: mnafikaje mjini wakati huu Barabara ya Bagamoyo inajengwa?

Mkazi wa Salasala

Ndugu zangu mnaoishi kuanzia Mbezi Beach hadi Bunju, naomba uzoefu wenu, kwa sababu mimi hesabu zangu zote zimegoma.

Ninaishi Salasala na ninafanya kazi Posta. Ujenzi wa awamu ya nne ya barabara za mabasi yaendayo haraka, unaotoka katikati ya jiji kupitia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na ya Bagamoyo mpaka Tegeta, pamoja na tawi la Sam Nujoma linalotoka Mwenge kwenda Ubungo, una urefu wa zaidi ya kilomita 30, na sehemu kubwa ya kilomita hizo ndiyo njia yangu ya kila siku. Siulizi kwa nini inajengwa, maana mtu aliyewahi kusimama Mwenge saa 12 jioni akiwaona watu wazima wakiingia ndani ya daladala kwa kupitia dirishani hahitaji kuelezwa umuhimu wa mabasi hayo. Ninachouliza ni namna ya kuishi mpaka yatakapokuja.

Asubuhi yangu siku hizi inapimwa kwa uji. Binti yangu yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani wa taifa, na shule yake iko Mikocheni. Zamani alikunywa uji mezani kama watoto wengine. Sasa uji unasafiri naye kwenye kikombe chenye mfuniko. Anaufungua tukifika Afrikana, anavaa soksi na viatu tukifika Lugalo, kisha analala tena mpaka getini. Siku ambayo uji umekwisha na bado tuko nyuma ya lori la kifusi kabla hata ya kuiona Afrikana, najua kwamba nitasaini daftari la mahudhurio chini ya mstari mwekundu.

Nimejaribu njia ya Goba na Makongo. Wiki ya kwanza niliona nimepata ufunguo wa jiji, lakini njia hiyo inakutoa Survey, yaani Sam Nujoma, ambako nako kunachimbwa, kwa hiyo unakuwa umeikimbia foleni moja ukaenda kuipokea nyingine mlangoni kwake. Nimejaribu kuacha gari nyumbani na kupanda daladala, na jioni nikashushwa mara tatu ndani ya wiki moja kabla ya kituo nilicholipia. Mume wangu anasema tupange nyumba Kijitonyama mpaka ujenzi uishe, lakini kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni mzigo, na nyumba tuliyojijengea itabaki na nani?

Waliopitia ujenzi wa namna hii sehemu nyingine za jiji walifanyaje? Naomba majibu ya watu waliojaribu jambo, si ya kunipa pole.

Mstaafu wa Mbezi Luis

Mama, sisi wa Barabara ya Morogoro tuliwatangulia. Ilipopanuliwa sehemu ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kuwa ya njia nane, mimi nilikuwa bado mtumishi wa umma, na kazi yangu ilianza saa 1:30 asubuhi kama ilivyo kwa watumishi wengi wa serikali. Kabla hata ya magreda kuja, mwaka 2017, tulishuhudia nyumba zikibomolewa katika hifadhi ya barabara, kwa hiyo ujenzi ulipoanza tulikuwa tumekwisha kuchoka. Nakueleza hayo ili ujue kwamba sisemi kwa kuhadithiwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kama lako: nilitafuta njia. Nilipita Malamba Mawili kwenda Kinyerezi, nikapita Bonyokwa, nikajaribu Goba. Kila njia ya panya ina umri wa wiki mbili au tatu. Wiki ya kwanza mnaijua watu kumi, wiki ya pili mmewaambia wenzenu kazini, na wiki ya tatu simu za kila dereva zinaionyesha kwa rangi ya kijani mpaka inageuka nyekundu. Barabara ya mtaa ina upana wa gari moja na nusu, hivyo likikwama lori moja la mchanga, mmekwama wote, na hakuna askari wa usalama barabarani atakayekuja kuwakwamua huko.

Kilichonisaidia ni daftari. Kwa mwezi mzima niliandika saa niliyotoka nyumbani na saa niliyofika Ubungo, bila kujidanganya. Niligundua kwamba nikitoka saa 11:10 alfajiri nilifika kwa dakika 40, na nikitoka saa 11:35 nilitumia saa moja na nusu. Dakika 25 za usingizi zilinigharimu dakika 50 za foleni, tena za foleni ya jua kuchomoza, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa anayeelekea mashariki. Usichukue saa zangu, kwa sababu barabara yenu ni nyingine, andika zako. Ila nina hakika utakuta mahali ambapo namba zinaruka ghafla, na kazi yako ni kuwa umepita kabla ya mruko huo.

Jioni nilifanya kinyume. Badala ya kukimbilia foleni saa 10, nilibaki kazini mpaka saa 2 usiku nikimaliza kazi za kesho, na wakati mwingine nilisali Isha hapo hapo mjini ndipo nikaondoka. Mke wangu hakuipenda na hadi leo hajanisamehe sana. Kwako mwenye mtoto wa shule, sehemu hii huenda isikufae.

Dereva wa Kosta

Nimeendesha daladala kwa miaka 11, nyingi kati ya hizo katika barabara hiyo hiyo, na ningependa kueleza suala la kushushwa njiani kwa sababu abiria hulichukulia kama ukorofi mtupu. Ukorofi upo, siukatai. Lakini naomba tuone jambo lilivyo kwa upande wa usukani.

Dereva anadaiwa hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, kila siku, na hesabu hiyo haipungui kwa sababu barabara inachimbwa. Gari lililokuwa likifanya tripu sita kwa siku sasa linafanya tatu au nne, wakati dizeli inaungua hata gari likiwa limesimama. Nauli nayo hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa ruti, haihesabiwi kwa saa, kwa hiyo saa mbili mlizokaa pamoja nami kwenye foleni hazina malipo kwa upande wangu wala kwa upande wenu. Hapo ndipo dereva anapoanza kuvunja sheria: anaona mbele kumefunga, anageuza gari, na abiria wa Tegeta wanajikuta wapo Afrikana wakitafuta gari jingine kwa nauli nyingine. Ni kosa, na abiria ana haki ya kudai arudishiwe nauli yake au apandishwe gari jingine kwa gharama ya gari lililomshusha. Anayenyamaza ndiye anayeliwa. Chukua namba ya gari kabla hujapanda, maana baada ya kushushwa gizani huwezi tena kuisoma.

Sasa nikupe siri, dada, ingawa wenzangu watanilaumu. Gari linalokatisha ruti kwa kawaida linajulikana tangu kituoni. Ukimsikia kondakta anataja vituo vya katikati tu, anaita "Lugalo, Afrikana" na hamalizii "Tegeta Nyuki", basi katika safari yake hakuna Tegeta, hata kama kibao kimeandikwa. Muulize kwa sauti mbele ya abiria wengine kabla ya kupanda. Na wale wanaogeuza, yaani wanaopanda gari linalokwenda mwisho wa ruti ili warudi nalo wakiwa wamekaa, wanalipa nauli mara mbili, lakini kwa mtu mwenye mtoto au mgonjwa mimi siioni kuwa ni hasara. Ni bei ya kiti.

Jambo jingine ni kuchomekea. Penye njia mbili zinazobanwa kuwa moja, magari yakiingia moja kwa moja, la kulia, la kushoto, la kulia, foleni inakwenda. Wanapotokea watatu wa kuchomekea kupitia pembeni kwenye vumbi, kila gari linafunga breki, na breki moja pale mbele inasikika kilomita moja nyuma. Wengi wa wanaochomekea ni wenye magari madogo yenye mtu mmoja ndani, ingawa lawama hutuangukia sisi.

Mkazi wa Goba

Nimesoma "njia ya Goba na Makongo" na nimeona niseme neno. Hiyo mnayoiita njia ya kukwepa foleni ni mtaa wetu. Lami mliyoizoea ni ile ya barabara kubwa. Mnapoiacha na kuingia vichochoroni, mnapita mlangoni kwa watu. Tangu ujenzi uanze, kuanzia saa 11 alfajiri kuna taa za magari ukutani mwa chumba cha watoto wangu, na kipindi cha kiangazi tulianika nguo ndani ya nyumba kwa sababu ya vumbi. Vijana wa mtaa wameweka matuta mawili ya udongo, na sijawakemea. Mkipita, piteni polepole, na msipige honi. Hatukatai mpite.

Fundi sanifu wa barabara

Kuna swali ambalo Mama wa Salasala hakuliuliza, ila nimelisikia kwenye kila gari nililopanda: kwa nini njia ya katikati imekwisha kumwagwa zege, inaonekana nzuri kama uwanja, na bado imefungwa huku sisi tumebanana pembeni? Mimi si msemaji wa mradi wowote. Nimefanya kazi za zege kwa muda mrefu, na nadhani mtu anayeijua sababu hukasirika kwa kiasi.

Njia za mabasi hayo hujengwa kwa zege kwa sababu basi kubwa linalopita palepale, likifunga breki palepale kila baada ya dakika chache, hufanya lami ijikunje na kuacha mifereji ya matairi, hasa katika joto la Dar es Salaam. Zege halikunjiki hivyo. Ubaya wake ni kwamba halikomai kwa haraka. Linaganda siku ile ile na ukiligonga linalia kama jiwe, lakini nguvu yake ya kubeba mzigo hupanda polepole, na kipimo ambacho wahandisi hukitumia ni cha siku 28. Katika siku za mwanzo linatakiwa lisikauke haraka. Ndiyo maana mnaona magunia yaliyoloweshwa yametandazwa juu yake, au vijana wakilimwagia maji mchana wa jua kali, na watu husema "angalia wanavyomwagilia barabara kama mchicha". Lori likipita juu yake kabla ya wakati, nyufa zinaweza zisionekane mwaka huu, zikaonekana mwaka wa tatu, na hapo mtafungiwa njia upya.

Sababu ya pili iko chini ya ardhi. Kabla ya zege kuna mabomba ya maji, nyaya za simu na nguzo za umeme zinazopaswa kuhamishwa, na kila moja ina mwenyewe na ratiba yake. Kuna pia mitaro na makalavati, ambayo hayana mvuto kwa mpita njia, ila bila hayo masika moja tu hurudisha kazi nyuma. Kwa hiyo mnaweza kuona kipande cha mita 200 kimetelekezwa wiki sita bila mtu, na kumbe kinasubiri bomba moja. Mara nyingine, nakiri, kinasubiri tu kwa sababu mtu hakupanga kazi vizuri. Kwa kutazama kutoka dirishani huwezi kutofautisha.

Katika yote haya, neno langu kwa anayepanga safari ni hili: magari huhamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila kipande kinapokamilika, kwa kuwa njia ya mabasi iko katikati na pembeni zote mbili lazima zijengwe kwa zamu. Siku mchepuo unapobadilishwa, na siku mbili tatu zinazofuata, foleni huwa mbaya kuliko kawaida kwa sababu kila dereva anashangaa. Mkiona vizuizi vipya vimepangwa pembeni Jumamosi, basi Jumatatu yake toka nusu saa kabla, au omba ruhusa yako siku hiyo.

Mama Duka, Tegeta

Nyote mnazungumza habari za kupita. Sisi wengine hatupiti, tupo hapo hapo kando ya barabara. Duka langu la vifaa vya ujenzi lilikuwa na sehemu ya kuegesha magari matatu mbele; sasa mbele kuna mtaro wenye kina cha kiuno na ubao wa kuvukia. Mteja wa saruji hawezi kupita kwenye ubao akiwa na mfuko begani.

Nimefanya mambo mawili. Mzigo naupokea usiku baada ya saa 4, lori likiweza kusimama bila kuziba watu. Na wateja wa rejareja nawatumia kwa bajaji kwa kupitia mtaa wa nyuma, nikigawana nao nauli. Mauzo hayajarudi yalivyokuwa, lakini duka halijafungwa. Boza la maji linapopita kunyunyiza barabara siku yetu inakuwa njema, lisipopita rangi za makopo zote zinakuwa moja. Nililomwomba msimamizi wa eneo letu na akanisikiliza ni ubao wa pili wenye kishikio, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanavuka kwa kukimbia katikati ya malori. Ombeni vitu vidogo vya namna hiyo. Vinapatikana upesi kuliko barua kubwa kubwa.

Mkazi wa Salasala

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano, na nawashukuru nyote, hata ndugu wa Goba ambaye nilisoma maneno yake nikiwa nimeegesha gari, nikaona aibu. Sijapita tena mtaani kwake.

Daftari nililifungua. Mruko wangu uko kati ya saa 11:15 na saa 11:30 alfajiri. Kabla ya hapo natumia dakika 50 mpaka Mikocheni, baada ya hapo naweza kutumia saa mbili. Lakini kumwamsha mtoto saa 10:30 kila siku kulinishinda kabla ya wiki ya pili, kwa hiyo nikatafuta njia ya kugawana alfajiri hizo na watu wengine. Mtaani kwetu tulikuwa na magari manne yanayotoka kila asubuhi, kila moja likiwa na mtu mmoja au wawili, yote yakielekea kati ya Mikocheni na Posta. Tumekaa, tukakubaliana gari moja kwa siku, watu wazima wanne na watoto wawili, na kila mmoja anaendesha wiki yake. Mafuta ni ya mwenye zamu, hakuna kuchangishana, maana tuliona fedha ndogo ndogo ndizo zitakazotugombanisha. Kanuni ni moja tu: gari linaondoka saa 11:10, na anayechelewa dakika tano anaachwa. Wiki ya kwanza tulimwacha jirani mmoja akiwa amesimama getini na taulo begani, na hajachelewa tena.

Faida niliyokuwa siitarajii ni kwamba asiye na zamu analala. Binti yangu na mtoto wa jirani wanalala wameegemeana kiti cha nyuma mpaka shuleni, ambako mlinzi amekubali kuwafungulia darasa mapema, na uji wanaunywa huko, mezani. Siku ambazo si zamu yangu nimelala mimi pia, na mara moja nimeamshwa Posta.

Jioni bado ni tatizo. Ratiba zetu za kutoka kazini hazifanani, kwa hiyo kila mtu anarudi kivyake, na mimi nageuza: napanda gari linaloelekea mwisho wa ruti, nalipa mara mbili, nakaa dirishani. Nilipomuuliza kondakta kwa sauti kama kweli anafika Tegeta Nyuki, abiria watano walisimama na kushuka kabla hajajibu. Nilishuka nao.

Kwa Fundi sanifu: Jumamosi iliyopita nimeona vizuizi vipya vya zege vimepangwa karibu na Tangi Bovu. Jumatatu ni zamu yangu, na nimekwisha kuwaambia wenzangu kwamba tunatoka saa 10:40. Wawili wamekubali. Jirani wa taulo anasema atafikiria.